Barua kwa mwanangu: kwa nini seli huoshwa mara nne

Mwanangu mpendwa,

Habari za masomo? Umeniuliza Coombs ni nani, na kwa nini msimamizi wenu anakazania seli zioshwe mara nne kabla ya kipimo chake, kile cha kutafuta kingamwili (protini za kinga) zilizoshika seli nyekundu za damu. Maswali hayo yana jibu moja.

Robin Coombs alizaliwa London mwaka 1921, akakulia Cape Town, akasomea udaktari wa mifugo Edinburgh. Naam, mifugo. Mwaka 1945, akiwa Cambridge na umri wa miaka 24, alitangaza kipimo hiki pamoja na watafiti wenzake Arthur Mourant na Rob Race.

Tangu 1901 mtafiti Karl Landsteiner alikwisha kuonyesha makundi ya damu kwa kuchanganya seramu (maji ya damu yasiyo na seli) ya huyu na seli za yule, kisha kutazama zipi zinashikana. Lakini kingamwili nyingi za Rh, lile kundi la damu la chanya au hasi, zilikaa juu ya seli bila kuzishikanisha. Seli nyekundu zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana. Kingamwili aina ya IgM ni kubwa, inafika huku na kule. Aina ya IgG ni ndogo, hushika seli moja ikaishia hapo. Ukitazama tyubu unaona shwari, kumbe seli zimekwisha kuvikwa. Na IgG hiyohiyo ndiyo inayopita kondo la nyuma na kumfuata mtoto tumboni.

Wazo lilimjia Coombs ndani ya treni ya London kwenda Cambridge, taa zikiwa hafifu kwa sababu ya vita. Kingamwili yenyewe ni globulini, protini ya damu ya binadamu. Basi ukimchoma sungura globulini hiyo, atatengeneza kingamwili dhidi yake, yaani antiglobulini, na hiyo itaunganisha IgG ya seli hii na IgG ya seli jirani. Carlo Moreschi wa Italia alikuwa ameeleza kanuni hiyo tangu 1908, na Coombs alipokuja kujua alimpa haki yake. Nampenda kwa hilo.

Sasa kuosha. Seramu imejaa IgG huru, isiyoshika seli yoyote. Ikibaki kidogo tu ndani ya tyubu, antiglobulini itaikimbilia hiyo kwanza na kuishia hapo. Seli zilizovikwa zitabaki zimetawanyika, nawe utaandika hasi. Mgonjwa atatundikiwa damu isiyomfaa.

Kwa hiyo: matone 2 ya seramu, tone 1 la seli za asilimia 3 hadi 5, nyuzi 37 kwa dakika 30. Jaza tyubu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga yote, kung'uta tone la mwisho, tikisa donge la seli lilegee ndipo ujaze tena, hadi zitimie mara nne. Wengi husahau kulegeza. Maji hupita juu ya donge bila kuliosha. Usiache kazi katikati ukajibu simu, maana IgG huanza kubanduka kwenye seli. Mara ya mwisho ikiisha, weka antiglobulini matone 2 papo hapo, zungusha, inua donge polepole. Ukitikisa kwa nguvu utavunja mshikano dhaifu.

Ukipata hasi, usiiamini bado. Ongeza seli za udhibiti zilizokwisha kuvikwa IgG, zungusha tena. Zikishikana, antiglobulini ilikuwa hai na hasi yako ni ya kweli. Zisiposhikana, jibu halipo, anza upya.

Mwaka 1946 watatu hao walikitumia moja kwa moja kwenye seli za watoto wachanga, bila hatua ya seramu wala nyuzi 37, kwa kuwa seli zimevikwa tayari mwilini. Hapo chukua sampuli yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Kama ni damu ya kitovu, ongeza mizunguko ya kuosha: ute wa kitovu hushikanisha seli kwa uongo, ukaandika chanya kwa mtoto asiye na tatizo. Ukiona bado zinashikana kabla hujaweka antiglobulini, omba damu ya mshipani.

Mama yako