Naomba chumba kwa usiku mmoja

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleykum. Wazima nyote? Huku Likoni twashukuru, ila moyo hautulii.

Mamamkubwa Zuhura anafanyiwa operesheni ya titi Jumatano. Wanalitoa lote. Daktari kasema akiamka vizuri atarudi nyumbani jioni ile ile. Jioni ile ile, Rukia! Mwenyewe kafurahi, wadi haipendi tangu zamani. Mimi ndiye niliyeingiwa na baridi.

Nilimrudia daktari nikamhoji. Kanieleza taratibu: nchi nyingi wanawake hurudi kwao siku hiyo hiyo, na wakichaguliwa vizuri hawapati usaha wala kulazwa tena zaidi kuliko wanaolala hospitali. Lakini sukari na presha ziwe zimetulia, maumivu na kutapika vidhibitiwe, na awe na mtu wa kumwangalia usiku. Sukari yake iko sawa, alhamdulillahi. Mtu ni mimi. Hata mrija nimeshafundishwa: utatoka ubavuni uingie kwenye kichupa, nami nipime majimaji na kuandika, mpaka yashuke, kwa kawaida chini ya mililita 30 kwa siku, ndipo wautoe.

Kinachoninyima usingizi ni damu. Yaweza kuvuja ndani kwa ndani, hasa katika saa 24 za mwanzo. Kifua kikivimba ghafla na kukaza, au kichupa kikijaa damu mbichi upesi, arudishwe mara moja, pengine afunguliwe tena. Sasa hebu fikiri mimi naye saa nane za usiku, tunangoja feri! Daktari kaniuliza kama nyumbani kuna mtu. Hakuniuliza nyumbani ni ng'ambo gani.

Kwa hivyo nakuomba: kwenu Tononoka hadi hospitali ni karibu sana. Tulale kwako usiku ule wa kwanza. Shuka nakuja nazo, uji wake napika mwenyewe. Na Mwanaisha umzuie kuleta watu wa kumtazama, maana wakianza habari za fulani alivyokufa... wajua tena.

Bwanako ataridhia? Choo cha chini kimetengenezwa, au bado mwapanda ngazi? Yule kijana wa tuktuk bado ni jirani, na hupokea simu usiku? Na goti lako je?

Nijibu kabla ya Jumatatu. Ikiwa haiwezekani nambie bila haya, nimuombe daktari amlaze usiku mmoja.

Wako,
Mwanamkasi