Karatasi ya sigara si fyuzi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye spika nyumbani, na mafundi wenzangu pia, maana uchafu huu tunauona kila tunapofungua mashine: fyuzi iliyokatika imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Chomoa plagi ukutani, toa fyuzi, itazame kwenye mwanga. Kioo kikiwa safi na uzi umeachia katikati, mzigo ulizidi kidogo au fyuzi imechoka tu. Kikiwa cheusi ndani, kuna shoti, mara nyingi kwenye transista za kutolea sauti au dayodi za pawa saplai. Hapo hata ukiweka fyuzi kumi, zote zitakwenda. Mpya iwe na ampea zilezile zilizochorwa kwenye kofia yake ya chuma, na herufi ileile: F hukata upesi, T huvumilia kidogo, nayo huwekwa kwa kuwa transfoma huvuta umeme mwingi mara inapowashwa.

Sasa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Watu husema imeungua kwa sababu amplifaya ni kubwa mno. Mara nyingi kosa ni la amplifaya ndogo! Ya wati 20 ikifunguliwa hadi mwisho, trebo nayo juu, hukata vichwa vya mawimbi, na nguvu ya sauti nyembamba huongezeka. Koili ya twita ni waya mwembamba kama unywele. Inapikwa huku besi ikiendelea kudunda kama kawaida. Sauti ikianza kukwaruza, punguza.

Usiipime twita kwa nyuma ya boksi. Kapasita yake, kile kifaa kidogo kinachoipitishia sauti nyembamba tu, huzuia umeme wa mita, kwa hiyo unachosoma pale ni spika ya besi peke yake. Fungua skrubu, chomoa waya mmoja wa twita, weka mita kwenye omu 200. Twita iliyoandikwa omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 hivi. Iliyoandikwa omu 4, kati ya 3 na 3.8. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma vizuri na bado iko kimya, shuku kapasita, au risasi ya kulehemu iliyopasuka.

Kapasita ya twita haina chanya wala hasi. Usifunge ile yenye mstari wa hasi ubavuni. Na usibadili thamani. Kwa omu 8, mikrofaradi 4.7 huanza kupitisha kwenye hezi 4,200 hivi. Ukiweka 10 ili "ilie zaidi", inashuka hadi kama 2,000, na twita inabebeshwa sauti nzito isizoziweza.

Kabla ya kurudisha spika, pima volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) kwenye matokeo ya amplifaya, pakiwa hapajaunganishwa kitu. Milivolti chache, sawa. Ukisoma volti 20 au 30, usiunganishe: koni ya besi itasukumwa nje au ndani na koili itatoa moshi kabla hujaifikia swichi.

Fundi redio,
Morogoro