Jeraha la jicho moja linavyoweza kulipofusha la pili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi wa macho, nimeona likielezwa kwa haraka mno mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, na mara nyingine lisielezwe kabisa. Mtu aliyechomwa jicho na waya, mwiba au chembe ya chuma huambiwa amshukuru Mungu kwamba la pili limesalimika. Ashukuru, ni haki yake. Lakini hilo lililosalimika linahitaji kuangaliwa kwa miezi na hata miaka, kwa sababu kinga ya mwili wake mwenyewe inaweza kuligeukia.

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo, haivumilii uvimbe. Seli zake zikifa hazioti tena, na uvimbe ambao mguuni ungepona bila kuacha alama, huku huacha kovu na upofu. Kwa hiyo mwili umeiwekea ulinzi wa namna yake: kuta za mishipa yake midogo ya damu zimebanana hata seli nyeupe hazipenyi ovyo, nayo retina yenyewe haina mirija ya limfu, ile inayobeba majimaji ya mwili hadi kwenye tezi za kinga, na ndani ya jicho zimo kemikali zinazozituliza seli za kinga au hata kuziua. Mwaka 1948 Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwa majaribio ya sungura kwamba kipande cha ngozi ya mnyama mwingine kikipandikizwa ndani ya jicho kinaweza kudumu, ilhali kwingine mwilini kingekataliwa.

Utulivu huo una gharama yake, kwani protini za retina zikifichwa hivyo, kinga haizizoei vya kutosha. Jeraha linapopasua ukuta wa jicho, protini hizo, pamoja na za utando wenye rangi ulio nyuma ya retina, hufika kwenye tezi za limfu, ambako seli za kinga huzichukulia kuwa kitu kigeni, huzaliana kwa wingi, kisha huingia katika damu kuzitafuta popote zilipo. Jicho la pili lina protini zilezile.

William Mackenzie wa Glasgow alipoueleza ugonjwa huu katika karne ya 19, aliuita kwa jina lenye maana ya jicho kumhurumia mwenzake. Sijawahi kulipenda jina hilo, maana linamfanya mgonjwa aamini kwamba jicho lake zima linalia tu kwa ajili ya lile lililoumia, na kwamba litanyamaza lenyewe. Louis Braille, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809, alijichoma jicho moja kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na umri wa miaka 3, na alipofika miaka 5 haoni kwa yote mawili. Wataalamu wengi wanaona kwamba huenda ni ugonjwa huu uliompata.

Ni ugonjwa wa nadra, wala sitaki kumtia mtu hofu. Wengi wanaoupata huupata ndani ya miezi 3 tangu kuumia, ingawa wapo walioupata baada ya miaka mingi. Jicho lililosalimika huanza kuuma kidogo, kuogopa mwanga, kuona ukungu au kushindwa kusoma maandishi ya karibu. Anayewahi hospitali hupewa dawa za steroidi za kutuliza kinga, na mara nyingi uoni huokolewa. Anayeziacha katikati kwa kuwa amejisikia nafuu hurudi akiwa na hali mbaya zaidi.

Lipo pia suala la kuondoa jicho lililoharibika kabisa na lisiloona tena, ambalo daktari huweza kulishauri katika wiki mbili za kwanza ili kupunguza hatari hii. Familia nyingi hukataa, nami nawaelewa, kwa kuwa hakuna aliyekaa nao akawaeleza kwamba anayelindwa hapo ni jicho la pili.

Ombi langu kwa kliniki zetu ni dogo: kila aliyetobolewa jicho aandikiwe kwenye kadi yake, kwa Kiswahili, dalili hizo nne na maneno “rudi siku hiyohiyo”, na anayemuuguza asomewe kabla hawajatoka mlangoni.

Muuguzi mstaafu wa macho,
Tanga