Si kila anayetapika hosteli ana vidonda vya tumbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mlezi wa hosteli ya wasichana wa chuo hapa Dar es Salaam. Linalonikera ni hili: binti anatapika kila baada ya mlo, zahanati inamwandikia dawa za vidonda vya tumbo, akirudi anaongezewa nyingine, na hakuna anayemuuliza anakulaje.

Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likikata watu hulala njaa. Hilo ni suala la pesa na tunalijua. Ninayemsema ni mwingine. Usiku anajifungia na sahani mbili za wali maharage na chapati nne, kisha anaenda chooni na kufungulia bomba asisikike. Mwili wake ni wa kawaida, kwa hiyo nani atamshuku? Mtazame mkono. Vidole anavyoingiza kooni vimeota sugu kwenye vifundo kwa kusuguana na meno. Daktari Gerald Russell wa London, aliyeueleza mwaka 1979 ugonjwa huu wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, uitwao bulimia, aliitaja alama hiyo, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Wengine hunywa chai za kupunguza tumbo za mitandaoni. Baadhi ni sanamaki, majani ya kuharisha, iliyofungwa kwenye pakiti nzuri.

Kutapika na kuharisha huko hupunguza madini ya potasiamu kwenye damu, na ikishuka mno moyo unaweza kusimama. Kipimo chake ni cha damu tu.

Tiba ipo. Kwanza ni mazungumzo na mwanasaikolojia, wiki hadi wiki kwa takriban miezi mitano. Mgonjwa hurudishwa kwenye milo ya saa maalumu, maana kujinyima mchana ndiko kunakoleta ile fujo ya usiku. Fluoxetine, dawa ya sonona, nayo husaidia, kwa dozi kubwa kuliko ile ya kawaida. Aliyekonda kupindukia ni wa wodini; wenzake wasimshindilie chakula kwa huruma, kwani mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla, madini ya damu huporomoka na anaweza kufa.

Kazi ni kumfikisha. Mzazi akisikia daktari wa akili, anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Mama mmoja alinijibu, "Dada, mwanangu si kichaa, ana gesi tu." Basi vyuo viweke mshauri nasaha anayeujua ugonjwa huu, na rufaa ya kwenda idara ya afya ya akili Muhimbili iandikwe kabla binti hajapewa pakiti ya tatu ya omeprazole, dawa ya vidonda vya tumbo.

Mlezi wa hosteli,
Dar es Salaam