Mapambo ya Krismasi yaanzie kwenye rula

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie mapambo ya Krismasi kwa wenye kipato kidogo. Kila Desemba kurasa za nyumba na familia hujaa picha za sebule zinazong'aa, lakini vipimo havitajwi. Msomaji anaoneshwa shada la mlangoni bila kuambiwa linataka waya kiasi gani, vicha vingapi vya majani, na kwa nini la kwake hunyauka mapema. Asiyejua vipimo hununua kwa kubahatisha, kimoja leo kingine kesho, na haba na haba hiyo ndiyo inayommaliza. Tunakuomba uchapishe vipimo pamoja na picha. Kwa kuanzia, hivi hapa ni vile ambavyo sisi wa kazi ya upambaji tunavitegemea.

Kwanza, chagua sehemu moja: ukuta wa sebuleni, au mlango, au meza. Fedha kidogo ikitawanywa vyumba vinne haionekani popote, lakini ikielekezwa kwenye ukuta mmoja inatosha. Chagua rangi mbili, usiongeze ya tatu hata kama umepewa bure. Pima urefu na upana wa hapo mahali, andika, kisha kagua ulichonacho ndani. Mara nyingi vya kununua hubaki vitatu tu, yaani taa, waya mwembamba na gundi. Na gundi yenyewe hupikwa.

Chukua kikombe 1 cha unga wa ngano na vikombe 4 vya maji. Koroga unga katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi ulainike, ndipo uumimine kwenye vikombe vitatu vinavyochemka, ukikoroga kwa dakika 3 hadi 5. Unga mkavu ukitupwa kwenye maji ya moto hufanya madonge yasiyovunjika, kwa sababu nje ya donge huiva papo hapo na maji hayapenyi tena ndani. Kijiko cha chumvi huchelewesha ukungu, lakini gundi hii itumike ndani ya siku mbili tatu.

Mnyororo wa karatasi ndio pambo linalofunika eneo kubwa kwa gharama ndogo kuliko yote. Karatasi ya A4 ikikatwa kwa upana wake hutoa vipande 11 vya sentimita 2.5, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 21. Ukipishanisha ncha kwa sentimita 1.5 unapata pete inayoongeza kama sentimita 6 kwenye mnyororo. Ukuta wa mita 4 unataka mnyororo wa mita 5 ili ulegee vizuri katikati, yaani pete 84 hivi, na karatasi 8 zinatosha. Paka gundi kidogo sana: ikizidi, karatasi hujikunja na ncha huteleza. Karatasi ya gazeti inafaa pia, ila ikunjwe iwe mapande mawili, kwani ikiwa moja hulegea unyevu ukiingia. Usiubandike mnyororo ukutani kwa selotepu. Gundi yake hushika rangi ya ukuta, na baada ya majuma kadhaa ukiivuta inaondoka na rangi. Tumia misumari iliyopo tayari au fimbo ya pazia.

Kwa asiye na nafasi ya mti, au asiyetaka kununua, tunapendekeza mti wa ukutani wa fito. Tungependa uenee zaidi, maana haugharimu karibu chochote na unadumu miaka. Tafuta fito 7 zilizokauka, unene wa kidole, uzikate sentimita 90, 78, 66, 54, 42, 30 na 18. Zilaze sakafuni kwa mpangilio huo, nafasi ya sentimita 15 kati ya moja na nyingine. Kamba ya mita 4 ikunjwe katikati. Pale ilipokunjwa ndipo pa kutundikia. Anza na ufito mfupi wa juu, ushuke nao pande zote mbili, ukizungusha kamba mara mbili kwenye kila ncha kabla ya kufunga. Kinachoharibu kazi hii ni mambo mawili. Fito mbichi husinyaa zikikauka, vifundo vinalegea na mti unapinda upande mmoja. Na fito laini huteleza, kwa hiyo chonga mkato mdogo sentimita 3 kutoka kila ncha, kamba ikae humo. Mti huo utakuwa na kimo cha sentimita 90, na waya wa taa wa mita 5 unaupitia kwa kwenda na kurudi kuanzia chini hadi kileleni. Anzia chini, upande ulio karibu na soketi, la sivyo utalazimika kununua waya wa kurefushia.

Vya kuning'iniza vitoke jikoni pia. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi laini, ongeza maji kidogo kidogo, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Kanda dakika 10, usukume kwa unene wa nusu sentimita, ukate nyota au kengele, na utoboe tundu kwa mrija kabla hakijakauka. Katika oveni ya nyuzi 100 za Selsiasi vinahitaji saa 2 hadi 3, ukivigeuza katikati ya muda. Juani ni siku 3 au 4, viingizwe ndani usiku. Ukiongeza moto ili umalize haraka, maji yaliyo ndani yanageuka mvuke na kuinua malengelenge. Kisha paka vanishi pande zote, kingo na tundu pia. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na palipoachwa wazi ndipo patakapolainika. Unga huu haulambwi: una chumvi nyingi mno kwa mtoto, na mbwa akiula unaweza kumuua.

Shada la mlangoni: henga ya waya ikivutwa iwe duara hutoa upana wa sentimita 28 hivi. Funga vicha 18 vya majani, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 12 hadi 15, vyote vikielekea upande mmoja, kila kimoja kikifunika shina la kilichotangulia. Mberoshi na msonobari hudumu kuliko majani laini. Tumbukiza mashina kwenye maji usiku kucha kabla ya kufunga, na usilitundike panapopigwa na jua la mchana.

Taa ndizo tunazosema zinunuliwe, na hapa rahisi huwa ghali. Seti ya zamani ya balbu ndogo 100 hula takriban wati 40. Ya LED yenye idadi hiyo hula wati 5 hadi 7. Zikiwashwa kwa muda wa saa 5 kila usiku kwa siku 30, ya kwanza inamaliza uniti 6 za umeme, ya pili haifiki uniti 1 na robo. Iwashe dukani kabla hujalipa, na uikague waya mzima kwa vidole: palipochubuka hata kidogo, rudisha. Katika seti za zamani balbu zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo balbu moja ikilegea kipande kizima huzimika. Watu wengi hutupa seti nzima wakati kinachotakiwa ni kuichomoa kwenye umeme na kukaza au kubadilisha balbu moja. Za ndani zisitolewe nje, hata chini ya kibaraza, kwani mvua ya upepo inafika. Waya usipite chini ya zulia wala usibanwe na mlango. Zima kabla ya kulala.

Anayetumia mishumaa aiweke ndani ya glasi nzito yenye mchanga, sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye karatasi, pazia na majani makavu. Pamba inayowekwa kuiga theluji hushika moto upesi mno. Tunasihi isiwekwe karibu na mshumaa hata kwa dakika moja ya kupiga picha.

Sikukuu ikiisha, zungushia taa kwenye kipande cha kadibodi cha sentimita 20 kwa 30 chenye mkato kila upande wa kushikia ncha. Zikisokotwa kwenye mfuko, waya hupinda na kukatika ndani, nawe hutaona kitu hadi mwakani. Nyota za unga ziwekwe kwenye trei za mayai ndani ya boksi kavu, juu ya kabati na si sakafuni. Mnyororo wa karatasi ukunje pete juu ya pete bila kuzibonyeza. Shada lifumuliwe, majani yatupwe, henga ifutwe kutu na kutunzwa.

Wapambaji, wasomaji wa gazeti lako