Mheshimiwa Waziri, kabla ya mashine nyingine tupe mafundi

Kwa Waziri wa Elimu,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Jumamosi iliyopita nilifunguliwa kabati la chuma katika shule moja ya msingi huku Kinango. Ndani mlikuwa na vipakatalishi 18, vyeupe kwa kijani, vile vidogo vyenye antena mbili zinazosimama kama masikio ya sungura. Vililetwa na wageni wa kujitolea miaka mingi iliyopita, vikapokewa kwa ngoma na vigelegele. Kisha chaja zikaungua, betri zikafa, na mwalimu pekee aliyefunzwa kuvitumia akahamishwa. Katika kile cha juu kabisa mjusi alikuwa ametaga mayai.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta. Jumamosi huzunguka shule za huku kwetu na vijana wawili ninaowafunza kazi, bila malipo, tukifufua kinachofufulika.

Kipakatalishi kile huitwa XO. Ni cha mradi wa One Laptop per Child ulioasisiwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005 kwa ahadi ya mashine ya dola 100, ingawa ilipoanza kuundwa kwa wingi mwaka 2007 bei ilikuwa karibu dola 188. Wengi huku wanaidharau kwa udogo wake. Mimi naiheshimu. Kioo chake kinasomeka hata juani, kibodi yake ya mpira haipitishi vumbi, na ndani ya mpini wa kubebea mmewekwa skrubu za akiba. Walioibuni walijua itaharibika, na walitaka aliye karibu nayo aweze kuitengeneza.

Nilimwonyesha skrubu hizo mvulana mmoja wa gredi ya 6. Alizimimina kiganjani, akazihesabu, akazihesabu tena. Nikampa bisibisi. Tukachukua kioo cha mashine hii, kibodi ya ile na betri ya nyingine iliyokuwa bado ina uhai, na kabla ya adhuhuri tukapata moja nzima. Ilipowaka, watoto waliokuwa wakichungulia dirishani waliingia wote kwa kishindo.

Najua utakumbushwa habari za Peru. Serikali ya huko iligawa mamia ya maelfu ya mashine hizi, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika haukuona watoto wakipata alama bora katika hesabu wala lugha. Ni kweli, na mwenye kutaka kuninyima atauweka mezani. Lakini Uruguay ilianza kugawa mashine hizi mwaka 2007, na kufikia 2009 kila mwanafunzi wa shule za msingi za umma alikuwa na kipakatalishi chake. Mpango wa huko, Ceibal, ulishughulikia intaneti shuleni na matengenezo, na wananchi wa kujitolea wakajiunga kusaidia walimu na familia. Hicho ndicho tulichokikosa hapa kwetu.

Tangu 2016 serikali yetu yenyewe imegawa vifaa vya kidijitali zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi. Naomba vihesabiwe upya, shule kwa shule: vinavyowaka vingapi, vilivyofungiwa vingapi. Naomba pia zabuni yoyote ijayo itenge fedha za vipuri, na wanafunzi wa vyuo vya kiufundi watumwe shuleni kufanya mafunzo yao ya kazini. Vijana wangu wawili wamejifunza kubadilisha kioo kwa wiki mbili tu.

Ombi ninalolisisitiza kuliko yote halihitaji hata senti. Mwalimu mkuu aliyenifungulia kabati si mvivu wala hapendi kuwanyima watoto. Aliniambia kwa sauti ya chini, akitazama mlango, kwamba kifaa kikivunjika mikononi mwa mtoto anahofia atalipishwa yeye. Mshahara wake anaujua, na karo za wanawe anazijua. Kwa hiyo alifunga, akatia ufunguo mfukoni. Nimeyasikia maneno hayo katika shule nyingine pia, na walimu wale sikuwaona wakisema uongo.

Mheshimiwa, toa waraka wenye sahihi yako, uwafikie walimu wakuu wote: kifaa kilichoharibika kwa matumizi ya kawaida ya mwanafunzi hakitakatwa kwenye mshahara wa mtu yeyote. Nitaubandika mwenyewe kwenye mlango wa kabati lile, Jumamosi hiyo hiyo utakaponifikia.

Wako mwaminifu,
Fundi wa kujitolea, Kinango, Kaunti ya Kwale