Kabla hujashusha injini, isikilize

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madereva wenzangu wenye magari ya zamani, na mafundi pia. Lori langu liliponea chupuchupu kushushwa injini isiyo na kosa, na sitaki mwingine apite nilikopita mimi.

Ni lori dogo la petroli, umri wake miaka 24, limetembea zaidi ya kilomita 400,000. Gari likifika umri huo, kila mlio unaotoka chini ya boneti hupewa jibu moja: injini imechoka. Langu lilikuwa na milio miwili. Asubuhi likiwashwa lilipiga tak-tak-tak, kama mtu anayegonga bati kwa ukucha, na pamoja na hiyo kulikuwa na mluzi mwembamba usiokatika. Kisha sailensa, yaani mwendo wa injini usipokanyaga mafuta, ikapanda. Gari limesimama, gia iko huru, mguu hauko kwenye mafuta, lakini mshale unasoma mizunguko 1,500 kwa dakika badala ya 800 niliyoizoea.

Fundi wa kwanza nilimpelekea lori mchana, likiwa limetoka safari na injini ni ya moto. Tak-tak haikuwepo. Akasikiliza kidogo, akachukua bisibisi, akalegeza skrubu ya sailensa hadi mshale ukashuka karibu na 1,000. Akaniambia nijiandae: tushushe injini, tubadilishe ringi na beringi. Skrubu ile ilikuwa imepakwa rangi ya kiwandani, alama ya kwamba haikuwekwa pale ichezewe. Niliitazama ile rangi ikipasuka nikanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nilirudi na lori nikalilaza. Asubuhi nikafungua boneti kabla ya kuliwasha, nikazuia magurudumu kwa mawe, nikavuta breki ya mkono, nikakunja mikono ya shati juu ya kiwiko isije ikanaswa na feni. Nilikuwa na kipande cha mpira mwembamba, urefu wa mkono mmoja. Ncha moja sikioni, ncha nyingine unaitembeza karibu na injini bila kugusa chochote kinachozunguka. Kifaa hicho hakina ufundi wowote, lakini kinatenganisha sauti ambazo sikio tupu linazisikia kama moja.

Nilianza na mluzi. Ulikuwa mkali upande wa nyuma, pale mpira mnene wa hewa unapotoka kwenye manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa, kwenda kwenye busta ya breki, chombo kinachosaidia mguu kukanyaga breki. Nikaufunga kitambaa mpira ule na kuubana kwa koleo. Mluzi ukakatika papo hapo na injini ikashuka, ikashuka, hadi ikazimika. Nikawasha tena, nikabana tena, ikazimika tena. Nilipouvua na kuukunja, ufa ukajifungua upande wa chini, kando ya klipu, mrefu kama punje ya mchele. Ukiwa umenyooka huuoni.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Injini ikiwa kwenye sailensa, kilango cha hewa kimefungwa karibu chote na injini inavuta kwa nguvu. Ukiwepo ufa baada ya kilango hicho, upande wa injini, hewa inaingia bila ruhusa. Kwenye injini kama yangu, sensa inaona presha imebadilika, kompyuta inaongeza petroli ilingane na hewa, na mzunguko unapanda. Kwenye injini ya kabureta ufa kama huo mara nyingi huifanya itetemeke na kuzimika badala ya kupanda. Ndiyo maana kulegeza skrubu si tiba. Nilipofunga mpira mpya, injini ilikataa kabisa kutulia, kwa sababu skrubu ilikuwa imeshalegezwa kuficha ule ufa. Ilibidi niirudishe ilipokuwa, nikifuata mstari wa rangi iliyobaki, ndipo mshale ukakaa 800.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mpira ule ni wa breki. Kwa wiki kadhaa pedali yangu ilikuwa ngumu na nilidhani ni brekipedi. Kama sailensa yako imepanda na pedali ni ngumu, usilipakie gari mzigo. Lipime hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, acha mguu juu yake, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, busta inavuta. Isipozama, usiondoke.

Tak-tak nayo haikutoka ndani ya injini. Mpira wangu wa sikioni ulinipeleka kwenye manifoldi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa silinda, upande wa silinda ya mwisho, ambapo palikuwa na masizi meusi kandokando ya gasketi. Stadi moja, bolti inayoibana manifoldi hiyo kwenye injini, ilikuwa imekatika. Chuma kikiwa baridi kinaacha mwanya, moshi unapiga. Kikipata moto kinatanuka, mwanya unajifunga, kimya. Ndiyo maana mchana fundi hakusikia kitu. Ila usiridhike kwa kuwa mlio umepotea, maana moshi ule una hewa ya sumu isiyo na harufu na unaweza kuingia ulipokaa.

Sisemi injini haichoki. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaozidi unapokanyaga mafuta na gari lina mzigo, huenda ni beringi za konrodi, vyuma vinavyounga pistoni na kranki, shafti kuu ya injini, na ukiambatana na taa ya oili zima injini hapo hapo, wala usijaribu kufika gereji. Tapeti, vyuma vinavyosukuma vali, nazo hugonga, lakini mlio wake ni mwepesi, uko juu, na unakwenda nusu ya mwendo wa kranki. Mlio wa kusaga upande wa mbele ukipotea unapovua belti na kuwasha kwa sekunde chache tu, utafute kwenye alteneta, pampu ya maji au puli. Yote haya yanajulikana kabla ya spana kugusa hata bolti moja ya kichwa cha silinda.

Kwa mafundi ombi langu ni moja. Mteja akikwambia mlio unakuja asubuhi, mwambie aliache gari lilale kwako, uliwashe mwenyewe likiwa baridi. Fundi wa pili niliyempelekea lori abadilishe ile stadi alifanya hivyo bila kuambiwa. Alfajiri alinipigia simu, akaniwekea simu karibu na manifoldi, akaniuliza, "Ni huu?"

Ulikuwa ndio huo.

Msomaji wako,
Dereva wa lori